Nani Anamdai Marehemu? Mwongozo wa Kuishi na Haki za Watu

Jeneza likishawekwa mbele ya safu, kabla imamu hajapiga takbira ya kwanza, mtu wa familia husimama akasema maneno mawili matatu. Kama yuko anayemdai marehemu, amwendee fulani. Kama yuko aliyekosewa naye, amsamehe. Utayasikia maneno hayo Msikiti wa Mandhry, Mji wa Kale wa Mombasa, ambao wenyewe wanauhesabu kuwa wa tangu mwaka 1570, na utayasikia kwenye misikiti ya Majengo na Makupa. Kisha swala inaswaliwa, watu wanabeba, wanazika.

Shida huja baadaye. Mjane anaulizwa habari za pesa ambazo hakupata kuzisikia. Mtoto anaambiwa cherehani iliyoko ukumbini ni ya jirani, iliwekwa tu. Jamaa aliyeko Doha anapiga simu kuuliza nyumba yake imefikia wapi. Marehemu alikuwa mtu mwema, akiswali safu ya mbele, na hakuna anayemtuhumu wizi. Ila alikuwa na haki za watu mkononi, na hakumwambia mtu ziko wapi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye hai, unayeweza kulijibu swali lile mwenyewe. Vijana wengi, na wazee pia, husema wanatafuta maana ya maisha yao. Ninavyoona mimi, pa kuanzia pako karibu: zihesabu haki za watu ulizozishika leo, kisha panga mambo yako ili kila moja imfikie mwenyewe, uwepo usiwepo. Mtu aliyelifanya hilo atajikuta anajua kwa nini anaamka asubuhi.

Daftari la karatasi

Nunua daftari la kawaida. Simu peke yake haitoshi, maana namba ya siri utakwenda nayo kaburini. Ligawe mafungu matatu. La kwanza ni la wanaokudai. La pili ni la unaowadai. La tatu ni la amana, yaani pesa na vitu vya watu vilivyo kwako ambavyo hukukopa wala si vyako. Fungu hili la tatu ndilo linalosahaulika, kwa kuwa amana haimsumbui mtu. Imekaa kabatini, haina tarehe ya mwisho, na mwenyewe hapigi simu.

Kila mstari uwe na jina la mtu, la babake na la babu yake, kwa sababu Ali na Mohamed ni wengi Kibokoni. Andika kiasi, tarehe, kitu kilipo, na mtu mwingine anayelijua jambo hilo. Deni la dukani liandike hata kama mwenye duka analo lake; madaftari mawili yakisomana, hakuna ugomvi. Pesa ulizokopa kwa simu ziandike pia, na zile za Fuliza usiziache nje, kwani deni la kampuni nalo ni deni.

Kwa Muislamu hili limeamrishwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Na katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Imepokewa pia kwamba aliletewa maiti mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, alipolichukua deni lile juu yake. Tafakari uzito wa jambo hilo. Maiti alikuwa Muislamu na ameshaletwa kuswaliwa, lakini haki ya mtu mwingine ikatangulia.

Watu wa pwani tuna haya zetu hapa. Kumwandikisha ndugu tunaona ni kumshuku, na kumwita shahidi ni kumvunjia heshima. Haya hiyo imevunja undugu mwingi kuliko wizi wowote. Mkopeshaji akiwa mzee wako, lianzishe wewe, kabla hajafikiria kuuliza: “Ami, naomba tuandike. Mimi ndiye ninayekopa na sijui kama nitaamka kesho.” Hakuna mzee atakayekasirika kwa maneno hayo. Atakachokiona ni kwamba hutaki watoto wake wadhulumiwe.

Daftari likishakuwa tayari, mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali linapokaa. Mke, mume, dada, mtoto mkubwa, yeyote atakayekuwa na ujasiri wa kulifungua siku ya pili ya matanga. Kisha andika wasia. Kwa Waislamu, mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Warithi wakitaka kugawana kabla ya madeni kulipwa, wanagawana mali isiyo yao. Yakitokea mabishano, iko mahakama ya Kadhi, iliyotambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni katika kazi zake. Kwa asiye Muislamu, Sheria ya Mirathi ya Kenya inaukubali wasia wa maandishi uliotiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Inaukubali hata wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, lakini huo hushika tu ikiwa msemaji amefariki ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo usitegemee mdomo.

Amana ikae peke yake

Mji huu ulijengwa na amana. Kabla ya Kilindini kuwa bandari kuu, majahazi yaliingia bandari ya kale, chini ya Ngome ya Yesu, kwa pepo za kaskazi, yakirudi Arabuni na Ghuba kwa kusi. Kati ya safari na safari ilipita miezi mingi. Mfanyabiashara alimkabidhi nahodha mali yake, naye akangoja msimu mwingine kuona thamani yake ikirudi. Hapakuwa na simu ya kumfuatilia. Kilichokuwapo ni jina la mtu, na jina likichafuka Mombasa lilikuwa limechafuka hadi Maskati kabla mwenyewe hajafika. Leo tuna benki na simu, lakini sehemu kubwa ya maisha yetu bado inakwenda kwa mtindo ule ule wa kumpa mtu na kumwachia Mungu.

Kanuni ya fiqhi ni nyepesi kuielewa na nzito kuishika. Uliyewekewa amana, ikipotea bila uzembe wako, hulipi. Ukiigusa bila idhini, hata kwa nia ya kurudisha Ijumaa, imeshakuwa juu yako na utailipa vyovyote itakavyokuwa. Kwa hiyo usiichanganye. Pesa za mtu zikae bahasha yake yenye jina lake, au akaunti isiyo na senti yako. Unapopewa, sema palepale kama unaruhusiwa kuitumia au la. Ukiruhusiwa, ihamishe kutoka fungu la tatu la daftari uipeleke la kwanza, kwa sababu sasa ni deni. Na ukijijua nyumba yako ina shida ya ada na kodi mwezi huu, kataa kuwekewa. Kukataa kwa heshima ni uaminifu pia.

Nitasimama kidogo kwenye jambo moja linaloniuma. Vijana wetu wengi wa kike na wa kiume wako Saudia, Qatar, Imarati na Oman, wanafanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za udereva. Wanatuma pesa Mombasa wajengewe. Anayetumiwa ni kaka, mjomba, wakati mwingine mama mzazi. Mtu anarudi baada ya mikataba miwili anakuta msingi na nyasi. Ukiuliza, mara nyingi hutapata mwizi. Utapata mgonjwa aliyepelekwa hospitali kwa pesa zile, arusi iliyosaidiwa, karo iliyolipwa, na mtu aliyeona aibu kusema mwezi wa kwanza, akazidi kuona aibu mwezi wa pili.

Ikiwa wewe ndiye unayepokea, fanya hivi. Fungua akaunti ya ujenzi peke yake. Kila ununuzi wa mawe, saruji na mchanga uwe na risiti, na risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo imfikie mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi mtumie hesabu: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Piga picha ya ukuta hata kama haujapanda. Na mama akiugua, mpigie mwanao au ndugu yako kabla ya kutoa pesa, mwulize. Karibu kila mara atakubali, maana ni mama yake pia. Ukishindwa kumpata na hali ni ya dharura, toa, umjulishe usiku huo huo na uandike kuwa ni deni. Ikiwa tayari umetumia bila kusema, sema wiki hii. Ujumbe huo utakuwa mgumu kuuandika, lakini huyo aliyeko mbali anapanga maisha yake juu ya nyumba ambayo haipo, na kila siku unayonyamaza anaamka kwa mwajiri wake kwa ajili ya nyumba hiyo.

Unayeshika mchezo wa kuchangiana pesa wa wanawake wa mtaani, hesabu yako ni nyepesi zaidi, ila usiache kuisoma kwa sauti kila mnapokutana: nani ametoa, nani hajatoa, zamu ya nani. Anayekasirika hesabu ikisomwa asiachiwe kushika pesa.

Halafu kuna mtihani wa siku hizi, pesa inayoingia kwenye simu kimakosa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu hapo kosa la tarakimu moja linaweza kukuletea mshahara wa mtu usiyemjua. Usiitoe wala usiitumie. Kwanza angalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe peke yake, kwa kuwa matapeli hutuma ujumbe wa uongo kisha hupiga simu wakilia warudishiwe. Ukiona pesa kweli imeingia, usimtumie anayepiga simu. Mwambie aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456, Safaricom wayageuze malipo, nawe uiache pesa mahali pake mpaka iondoke. Kwa njia hiyo hujala haki ya mtu, na hujatapeliwa kwa sababu ya wema wako.

Na haki hizi hazipimwi kwa dini ya mwenyewe. Katika sira tunasoma kwamba Mtume alipohama Makka alimwacha Ali nyuma ili arudishe amana, na waliokuwa wamemwekea walikuwamo wasiomwamini kabisa. Mwenye duka la leso Barabara ya Biashara akiwa Mhindu, mpangaji wako akiwa Mkristo, jirani akiwa Bohora, mstari wake kwenye daftari ni sawa na wa mwanao.

Ahadi na kazi ya mikono

Hili nitalisema kwa ufupi, ingawa ndilo linalotuharibia siku nyingi. Fundi wa cherehani anajua kanzu ngapi anaweza kuzimaliza kabla ya Idi. Akipokea zaidi ameahidi uongo, na mtoto wa mtu atakwenda swala ya Idi na kanzu ya mwaka jana. Fundi, hesabu siku zako, kisha mwambie wa ziada ajaribu kwingine. Mteja nawe, lipa ulichokubali siku uliyokubali, bila kuanza kupatana upya nguo ikishashonwa. Unapoahidi, taja wakati unaoeleweka, baada ya Alasiri au baada ya Isha, usiseme “nitakuja” tu. Na ukimtaja Mwenyezi Mungu ndani ya ahadi, jua umeizidishia uzito.

Kusema kweli kwa watu wako

Kuna ukweli wa pesa na kuna ukweli wa ulimi, na huu wa pili Mombasa una mfano ambao kila kijana wa hapa angefaa kuujua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891 katika ukoo ulioitawala Mombasa mpaka Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alipouondoa mwaka 1837. Angeweza kuishi kwa jina la ukoo. Badala yake alianzisha gazeti, Sahifa, mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili asomwe na wa kwao. Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na ingekuwa rahisi kila kosa kuwatupia wao. Yeye aliwageukia Waislamu wa pwani akawaambia kwamba uvivu, kukosa elimu na kutapanya mali kwenye sherehe ndivyo vinavyowashusha. Aliwasema akiwa pamoja nao, kisha akawafundisha. Kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Naamini kuwaambia ukweli watu wako ni kugumu kuliko kumwambia mtawala, kwa sababu kesho utakutana nao kwenye kahawa. Lakini kumwambia mtawala nako kuna bei, na Mombasa iliilipa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa, alikuwa kijana wa miaka 22 alipoandika kijitabu cha “Kenya: Twendapi?” mwaka 1968, akihoji serikali ya KANU inaipeleka wapi nchi. Alifungwa miaka mitatu. Akiwa peke yake katika gereza la Kamiti aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka kuwa kitabu, “Sauti ya Dhiki”, mwaka 1973. Mtu aliyenyang'anywa kazi, jamaa na jua bado alikuwa na jambo la kulifanya kila siku.

Kwa maisha ya kawaida ya mtaani, unaweza kujipima hivi. Jambo la mtu mmoja, mwambie yeye, na mwambie mkiwa wawili. Usilolishuhudia usilibebe kutoka baraza moja hadi jingine, hata likija na majina na tarehe. Aibu ya mtu iliyokufikia iishie kwako. Ikatae kwa kubadilisha mazungumzo, maana kusitiri ni amana ya namna yake. Ila mali ya umma, ya msikiti, ya madrasa, ya wakfu, hiyo haina sitara. Hesabu yake iulizwe hadharani, kwa adabu, na anayeishika asikasirike kuulizwa. Ukiwa mweka hazina wa msikiti, bandika hesabu ukutani kabla hujaombwa.

Mpe kijana kitu cha kushika

Wazazi wa Bondeni na Mkanyageni hulalamika kwamba vijana wanakesha maskani na miraa, na wengine wamekwenda mbali zaidi, kwenye unga. Mawaidha yamesemwa sana. Ambacho huoni kikifanywa sana ni kumkabidhi kijana haki ya mtu, ndogo, ya kweli, itakayoonekana ikiharibika. Mpe ufunguo wa msikiti wa mtaa awe wa kwanza kufungua kwa Alfajiri. Mwachie bibi mgonjwa ambaye dawa zake lazima zifuatwe hospitali kila mwezi. Mpe fungu la watoto watano wa chuo awasikilize juzuu yao, na mzazi mmoja amwulize Ijumaa wamefika wapi. Mara ya kwanza atachelewa. Mkumbushe, usimnyang'anye. Sijaona kitu kinachomrudisha mtu haraka kama kujua kwamba kuna anayemngoja.

Kwako wewe mkubwa, tumia swala tano ulizo nazo tayari. Baada ya Alfajiri fungua daftari utazame mstari mmoja tu utakaoushughulikia leo. Baada ya Isha tazama kama umeushughulikia. Ukiwa Mkristo, sala yako ya asubuhi na ya kulala itafanya kazi ile ile.

Kwenda kulipa

Usianze na deni kubwa. Anza na la zamani, lile unalomkwepa mwenyewe njia ya Ndia Kuu kwa ajili yake. Nenda kwake wakati ana nafasi, si mlangoni mwa msikiti mbele za watu. Baada ya shikamoo, liseme wewe kwanza: “Ami, nimekuja kwa ile haki yako. Sina zote. Nimekuja na hizi, na zilizobaki nitaleta kila mwisho wa mwezi mpaka ziishe.” Taja kiasi unachokiweza, hata kiwe kidogo, kwa sababu ukikosa mwezi wa pili utakuwa umeongeza deni la neno juu ya deni la pesa. Asiyekuwa na kitu kabisa na aende vivyo hivyo akaombe muda. Na wewe unayedai, ukimwona mdeni wako kweli ana dhiki, Qur'ani inakutaka umngoje mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora kwako.

Mwenye haki akiwa amefariki, deni ni la warithi wake wote. Usimpe mtoto mmoja uliyekutana naye Marikiti ukadhani umemaliza. Akiwa amehama na hajulikani aliko, uliza jamaa zake, uliza msikiti aliokuwa akiswali, uliza Lamu au Unguja kama ndiko kwao. Ukishindwa kabisa, wanazuoni wengi wanasema uitoe sadaka kwa niaba yake. Siku akitokea umweleze, na akitaka pesa yake umlipe.

Akikusamehe, mshukuru, umwombe alitamke hilo mbele ya mtu mmoja zaidi. Kisha rudi nyumbani, kata mstari kwa wino, andika tarehe na jina la shahidi pembeni, na usiichane karatasi, kwa sababu warithi wako watahitaji kujua kilichoisha kama vile watakavyohitaji kujua kilichobaki.